SAFARI YETU YA KANADA, NA MANENO TULIYOYAKUTA NYUMBANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu. Imechapwa hapa kwa ombi la ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Tumesimama mbele yenu kulipa deni. Tangu turudi kutoka Kanada kuna maneno yanayotembea kutoka karakana mpaka stesheni, na kutoka stesheni mpaka kwa mafundi wa njia. Maneno yenyewe ni haya: kwamba wajumbe wanne walitumwa kwa kazi ya chama, nao wakaenda kutazama maporomoko ya maji na kuoga maji ya moto milimani kama matajiri.

Ndugu, maneno hayo ni ya kweli. Maporomoko tuliyatazama, na maji ya moto tuliyaoga. Hatukatai. Ila mjue pia na haya. Mafunzo yalikuwa ya siku sita, na siku zote sita tulihudhuria tangu asubuhi. Siku kumi na mbili zilizofuata zilikuwa za likizo yetu wenyewe ya mwaka, na kila mmoja wetu anayo karatasi yake iliyotiwa sahihi. Nauli ya ndege na malazi ya wakati wa mafunzo vililipwa na wenyeji wetu. Fedha ya tawi ilikuwa ile ya mfukoni tu, mliyoipigia kura hapa hapa, na mweka hazina ataisoma hesabu yake tutakapomaliza.

Basi kwa kuwa mmetaka kujua tulikwenda kutazama nini, tutawaambia. Na mtu asidhani tunawatamanisha. Tuliyoyaona huko yana mambo ya kwetu ndani yake, maana mahali pengi ambapo watu wa nchi ile huenda kustarehe palifunguliwa na reli, na watu wa reli ndio walioumia kupafungua.

Kwanza ukubwa. Kanada ni nchi ya pili duniani kwa ukubwa baada ya Urusi. Ukiichukua Kenya yetu, kutoka Vanga mpaka Lokichoggio, utaipanga mara kumi na saba ndani ya Kanada. Lakini watu wake ni milioni 40 hivi tu, hawatuzidi hata sisi Wakenya, na wengi wamejikusanya upande wa kusini karibu na mpaka wa Marekani. Huko juu kaskazini ni misitu, maziwa na barafu. Saa zao pia si moja: kutoka mashariki mpaka magharibi wana majira sita. Mtu wa mashariki akila chakula cha mchana, mwenzake wa magharibi ndio kwanza ananawa uso. Tulijiuliza mwandishi wa ratiba ya magari analalaje usingizi.

Mafunzo yetu yalikuwa katika mji wa Montreal, ambako watu husema Kifaransa kwanza na Kiingereza baadaye. Jumapili wenyeji walitupeleka kwa gari la moshi mpaka mji wa Quebec. Mji huo ulianzishwa mwaka 1608, na sehemu yake ya kale ingali imezungukwa na ukuta wa mawe. Tuliutembea ukuta huo kwa miguu, tukaona mizinga ya zamani, na mmoja wetu aliyezaliwa Mombasa akasema ni Fort Jesus iliyopelekwa kwenye baridi. Juu ya mlima imesimama hoteli kubwa yenye mapaa marefu kama ngome, jina lake Château Frontenac. Picha ya hoteli hiyo huonekana kila mahali. Wengi huiona wakadhani ni nyumba ya mfalme. Ni nyumba ya reli. Ilijengwa na kampuni ya Canadian Pacific na kufunguliwa mwaka 1893, ili wasafiri wenye fedha wapate sababu ya kukata tiketi. Hatukuingia kula. Tulikula nje viazi vya kukaanga vilivyotiwa jibini na kumwagiwa mchuzi wa moto, chakula kinachoitwa poutine, na kwa baridi ile kilitufaa kuliko nyama.

Huko Montreal mwenyeji wetu mmoja alituuliza, mnataka kuona nini? Tukasema, tuonyeshe mahali walipokaa watu wa reli. Akatupeleka mtaa wa Little Burgundy, karibu na njia za magari. Mtaa huo ulikuwa wa watu weusi waliofanya kazi katika mabehewa ya kulala, kazi ya kutandika vitanda vya abiria, kubeba mizigo na kung'arisha viatu. Mpiga piano mashuhuri Oscar Peterson alizaliwa Montreal mwaka 1925, na baba yake alikuwa mmoja wa watumishi hao.

Habari ya watu hawa tumeichukua kama mzigo wa kuwaletea ninyi. Katika safari ya siku nne walilala saa chache tu kwa usiku, wakijificha pembeni. Abiria walimwita kila mmoja wao George, kama kwamba hakupewa jina na mama yake. Jina hilo lilitoka kwa George Pullman, tajiri wa Marekani aliyetengeneza mabehewa ya kulala. Chama kikubwa cha watu wa reli kilikuwapo, lakini katiba yake ilisema mwanachama awe mweupe. Basi mwaka 1917, mjini Winnipeg, watumishi hao wakaunda chama chao wenyewe, cha kwanza cha watu weusi wa reli katika Amerika ya Kaskazini. Miaka miwili baadaye kile chama kikubwa kikalifuta lile neno katika katiba yake. Kazi haikuisha hapo. Mwaka 1945 ndipo watumishi wa Canadian Pacific walipotia sahihi mapatano ya kwanza na kampuni. Na mle ndani, ndugu, pamoja na nyongeza ya mshahara na malipo ya saa za ziada, mlikuwa na juma moja la likizo yenye malipo.

Juma moja! Watu waliokuwa wamewatandikia wengine vitanda vya likizo kwa zaidi ya miaka hamsini, wakapata siku saba za kwao. Tulipoelezwa hivyo tulitazamana, kwa sababu sisi tulikuwa tumekuja na siku 12 za likizo mfukoni, na safarini mmoja wetu alikuwa akinung'unika kwamba afadhali angaliziuza.

Kutoka Montreal tulikwenda Toronto. Mji mkubwa, majumba marefu, mnara wa CN wa mita 553 ambao tuliutazama kutoka chini kwa sababu ya bei ya kupanda. Karibu na mnara huo, kando ya njia za magari, kuna sanamu ya watu wawili weusi kwa jua wakijenga daraja la miti. Ni ukumbusho wa Wachina waliojenga reli, uliowekwa mwaka 1989. Watu hupita kwenda kutazama michezo katika uwanja ulio hapo jirani, na wengi hawasimami. Sisi tulisimama. Habari yao tutaifikia.

Siku ya pili tulikwenda Niagara. Hapa hatuwezi kuwadanganya: maneno hayatoshi. Maporomoko yale makubwa yenye umbo la kwato ya farasi huanguka kiasi cha mita 57, na ukikaribia kwa meli unapewa koti la plastiki, na bado utalowa mpaka soksi. Sauti yake ni kama magari kumi ya mizigo yakipita darajani pamoja. Lakini jambo lililotuchekesha ni hili. Maji yale yana zamu! Kwa mapatano ya mwaka 1950 kati ya Kanada na Marekani, mchana wa majira ya kiangazi maji hayapungui kiasi kilichowekwa, ili watalii wafurahi. Usiku na wakati wa baridi nusu ya kiasi hicho hutosha, na mengine yote hugeuzwa njia yakazungushe mitambo ya umeme. Tukasema, kumbe hata maporomoko huingia zamu ya usiku.

Kisha tukapanda gari la moshi liitwalo The Canadian, kutoka Toronto. Gari hili lilianza safari zake mwaka 1955, na mabehewa yake ya chuma kisichoshika kutu ni yale yale ya wakati huo, yakitunzwa na mafundi. Mpaka Vancouver ni kilometa 4,466, siku nne usiku na mchana. Upana wa reli yao ni ule ule wa reli yetu mpya ya Mombasa, milimita 1,435, wala si mita moja kama reli yetu ya zamani. Wenye fedha hulala vitandani, na bei ya vitanda hivyo ni ya kutisha. Sisi tulikata viti, tukalala tumekunja shingo. Lakini hata abiria wa viti wanaruhusiwa kupanda katika behewa lenye paa la kioo, na hapo ndipo tulipoishi.

Siku ya kwanza na ya pili utaona mawe, miti na maziwa tu. Ukidhani ziwa limekwisha, lingine laja. Hakuna kijiji, hakuna moshi. Halafu miti inakatika kama imefyekwa, na unatokea kwenye nchi tambarare ya ngano inayokwenda mpaka mbinguni. Mmoja wetu, mtu wa Uasin Gishu, alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: Shamba hili wanavuna kwa watu gani?

Tulichelewa saa tisa. Sababu yake ninyi mtaielewa upesi. Njia yenyewe ni ya kampuni ya mizigo, na gari la abiria ni mgeni. Gari la mizigo la kilometa tatu haliwezi kuingia katika njia fupi ya kupishana, basi gari la abiria ndilo linalojificha na kungoja. Abiria wengine walikasirika. Sisi wanne tulishuka ngazi tukaenda kuongea na gadi, na saa tisa zile zilituelimisha kuliko mafunzo ya siku mbili.

Winnipeg gari lilisimama kwa muda, tukatoka. Huko mwaka 1919 wafanya kazi kiasi cha 30,000 waligoma kwa majuma sita. Juni 21 askari wa farasi waliwafyatulia risasi njiani, watu wawili wakafa. Leo mahali pale pana sanamu ya gari la tramu la chuma lililoinama upande mmoja, kwa kuwa siku ile watu walilipindua. Wageni wanapiga picha hapo kama vile wanavyopiga Niagara. Tulipenda kwamba mgomo umekuwa kitu cha kuonyeshwa wageni.

Sasa twende milimani, maana huko ndiko kwenye kisa.

Tulishuka Jasper. Ni mji mdogo katikati ya mbuga kubwa, na kulungu wakubwa waitwao elk hutembea barabarani bila kuogopa mtu. Lakini mji una kovu. Julai 2024 moto wa msitu uliingia ukateketeza karibu theluthi moja ya majengo yake. Tuliona misingi mitupu, na milima mizima ya miti iliyosimama meusi kama viberiti vilivyowashwa. Watu wa mji walitupokea vizuri, wakasema mgeni akija sasa anawasaidia kuliko akiwahurumia kutoka mbali.

Kutoka Jasper kwenda Banff hakuna reli. Kuna barabara inayopita kati ya vilele, na watu wengi husema hakuna barabara nzuri zaidi. Hapo tulipata rehema. Dereva mmoja wa gari la moshi, mstaafu, rafiki wa wenyeji wetu, alitungoja na gari lake akatuchukua siku zote zilizobaki. Tulimwita Mzee, naye akalipenda jina hilo. Alitusimamisha kwenye mto wa barafu wa Athabasca. Kuna vibao vyenye miaka, vikionyesha barafu ilikuwa imefika wapi mwaka gani. Unaanza kupanda kutoka kibao cha zamani, unatembea, unatembea, na barafu bado iko mbele. Imerudi nyuma zaidi ya kilometa moja na nusu tangu siku za babu zetu. Tulimwambia Mzee kwamba Mlima Kenya nao unavua kofia yake, na barafu yetu iliyobaki ni kidogo mno. Hakujua kwamba Ikweta ina barafu. Alikaa kimya kidogo, akasema basi sisi ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Halafu Ziwa Louise, ambalo rangi yake ni ya bluu na kijani pamoja, kama mtu ameimwaga rangi. Mzee alieleza kwamba barafu husaga mawe mpaka yawe unga, na unga huo ukielea majini jua linaleta rangi ile. Mwambao wa ziwa kuna hoteli nyingine ya reli. Sisi tulikaa juu ya jiwe tukala mkate na mayai.

Na Banff ndipo tulipooga maji ya moto. Sikilizeni habari yake.

Mwaka 1883, reli ilipokuwa ikijengwa kuelekea magharibi, wafanya kazi watatu wa reli walikuwa wakitafuta madini siku zao za mapumziko. Wakaona tundu katika mlima, likitoa mvuke wenye harufu ya mayai yaliyooza. Wakateremka kwa mti waliouegemeza ndani, wakakuta bwawa la maji ya moto pangoni. Wakajenga kibanda, wakaomba serikali iwape haki ya mahali pale. Wakatokea wengine wakadai ni pao. Serikali ilipoona ugomvi, mwaka 1885 ikalichukua eneo lote kuwa la taifa, na wale watatu wakaambulia fidia ndogo. Mwaka 1887 eneo likapanuliwa na kuitwa mbuga ya taifa, ya kwanza Kanada. Mwaka uliofuata kampuni ya reli ikafungua pale hoteli ya Banff Springs. Leo mbuga ni kilometa za mraba 6,641, na kila mwaka watu mamilioni huja.

Pango lile lingalipo. Tuliingia tukanusa ile harufu. Kuoga huoga mahali pengine juu zaidi, katika bwawa lililojengwa, maji ya moto yakitoka mlimani na theluji ikionekana vileleni. Tulilipa kama watu wote, tukaingia. Ndugu, sisi ni watu tunaoamka saa tisa za usiku kwa zamu ya asubuhi. Migongo yetu mnaijua. Tulipozama mpaka shingoni hakuna aliyesema neno kwa muda wa nusu saa. Mmoja wetu alilia kidogo, akasema ni ile harufu.

Lakini hata wale watatu hawakuwa wa kwanza. Watu wa kabila la Stoney Nakoda waliyajua maji yale kabla ya reli kufika, na walikuwa wakiwinda katika milima ile. Mbuga ilipoanzishwa walizuiwa kuwinda, na kwa miaka mingi walitolewa katika nchi yao wenyewe, isipokuwa walipoitwa kucheza ngoma mbele ya wageni wa hoteli. Mzee alituambia na habari ya shule. Watoto kiasi cha 150,000 wa wenyeji wa Kanada nzima walipelekwa katika shule za bweni, nyingi zikiendeshwa na makanisa, wakakatazwa lugha zao, na wengi hawakurudi nyumbani. Shule ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990. Sisi wanne tumesoma shule za misheni, na huko ndiko tulikopata kusoma na kuandika hata tunaweza kusimama hapa leo. Tunakumbuka pia kile kibao tulichovishwa shingoni kwa kusema lugha ya mama. Usiku ule hatukuwa na mengi ya kusema.

Kutoka Banff tulielekea magharibi, na Mzee akasimamisha gari mahali wanapopita watalii wachache wanaojua wanachokitazama. Ni mteremko wa Kicking Horse. Kwa majivuno tulimwambia kwamba kituo chetu cha Timboroa kiko juu zaidi ya mita 2,700, na njia yao pale ni mita 1,627 tu. Akacheka, akasema, lakini tazama ukali wake. Mwaka 1884 njia ilipita moja kwa moja kwa mwinamo wa mita nne na nusu kwa kila mita mia. Gari la kwanza la ujenzi lililoteremka pale liliponyoka, watu watatu wakafa. Hata hivyo njia hiyo ilitumika kwa miaka 25. Mwaka 1909 ndipo walipofungua mashimo mawili yanayozunguka ndani ya mlima kama nyoka aliyejikunja, na mwinamo ukapungua nusu. Ukisimama pale utaona kichwa cha gari la mizigo kikitoka shimoni huku mkia wake ukiwa bado unaingia juu yake. Watalii hupiga makofi.

Mzee hakupiga makofi. Alituambia kwamba Februari 2019, usiku wa baridi kali, gari la ngano lililosimamishwa katika mteremko ule ule kwa breki za upepo lilianza kuondoka lenyewe. Wafanya kazi watatu waliokuwa wamelipanda kwenda zamu wakafa. Watatu mwaka 1884, watatu mwaka 2019. Yeye mwenyewe alikuwa ameipita njia ile mara nyingi asizoweza kuhesabu. Alivua kofia, nasi tukavua.

Mbele zaidi kuna Craigellachie. Ni jiwe la ukumbusho tu kando ya njia, na duka dogo la kadi. Hapo Novemba 7, 1885 uligongwa msumari wa mwisho uliounganisha Kanada mashariki na magharibi. Picha yake ni mashuhuri: mabwana wenye makoti na ndevu, na mmoja ameinama na nyundo. Wachina kiasi cha 15,000 walikuwa wamefanya kazi katika jimbo lile, wakipasua miamba kwa baruti kwa dola moja kwa siku, chini ya malipo ya mzungu, na si chini ya 600 walikufa. Katika picha ile hayumo hata mmoja. Mwaka huo huo serikali ikawatoza kodi ya kichwa ya dola 50 kila Mchina aliyetaka kuingia, na mwaka 1903 ikafika dola 500. Serikali iliomba radhi mwaka 2006.

Tulifikiri habari ya kwetu. Reli ya kutoka Mombasa, kati ya mwaka 1896 na 1901, iliwaleta Wahindi wapatao 32,000, na karibu 2,500 wakafa. Watoto wetu shuleni hufundishwa habari za simba wa Tsavo. Simba wana jina duniani kote. Wale watu hawana.

Vancouver tutaipita upesi, kwa kuwa ndugu mmoja hapo nyuma ameanza kutazama saa. Ni mji kati ya bahari na milima, una bustani ya Stanley yenye njia ya kutembea kando ya maji na nguzo ndefu zilizochongwa na wenyeji, zenye nyuso za ndege na dubu. Haina kiingilio. Familia nzima hukaa majanini na chakula chao kutoka nyumbani. Hapo tuliagana na Mzee, tukapanda ndege.

Sasa lile lililotuleta mbele yenu.

Siku moja garini tulimwuliza Mzee siku zake za likizo zilikuwa ngapi alipokuwa kazini. Tulitegemea kusikia mengi, nchi tajiri kama ile. Akatuambia kwamba kwa sheria yao ya watu wa reli, mtu aliyemaliza mwaka mmoja ana majuma mawili; akifika miaka mitano, majuma matatu; miaka kumi, majuma manne. Zaidi ya hapo ni kwa mapatano ya chama. Sisi tukamwambia ya kwetu: sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi kumi na miwili siku 21 za kazi zenye malipo kamili, tangu mwaka wa kwanza. Mzee alisimamisha gari. Akasema, basi ninyi mmetushinda! Mnakwenda wapi katika siku hizo?

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu ana miaka kumi na moja kazini, na likizo kamili ameipata mara mbili. Mara nyingine aliambiwa hakuna mtu wa kumshikia zamu, mara nyingine aliitwa siku ya nne arudi, na mara nyingine aliziuza mwenyewe kwa ajili ya karo. Wa pili hutumia likizo yote kulima, akarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Ofisi moja tunayoijua huandika katika kitabu kwamba mtu amekwenda likizo, na mtu huyo yuko njiani na nyundo mkononi. Hatutaitaja hapa, Katibu anazo karatasi. Sheria ni yetu, siku ni zetu, na tunaziacha zinaoza kama samaki.

Basi sisi wanne tunaleta mambo mawili, na mkutano uamue. La kwanza, kila mwanachama alete kwa Katibu hesabu ya siku za likizo anazodai kwa miaka mitatu iliyopita, ili kamati iende nayo mbele ya mwajiri kabla ya mapatano mapya. Si habari ya kusikia. Tunataka tarehe na karatasi.

La pili. Chama cha Unifor cha Kanada kina kituo chake Port Elgin, kando ya Ziwa Huron, ambako wanachama huenda na watoto wao; mchana wazazi wanasoma mambo ya chama, jioni wote wako ufukoni. Sisi hatuna fedha za kujenga cha namna hiyo. Lakini Kisumu kuna chuo cha wafanya kazi chenye jina la Tom Mboya, na kiko karibu na ziwa. Kamati iulize kama familia zetu zinaweza kupokewa huko wakati shule zimefungwa, na kwa bei gani.

Na kabla ya hayo kuna kitu kidogo tunachoweza kuanza nacho bila kuandika barua kwa mtu. Makumbusho ya reli yako hapa Nairobi tangu mwaka 1971, hatua chache kutoka stesheni. Mbuga ya Nairobi iko tangu 1946, na daraja la reli mpya linapita juu yake. Wengine wetu wamewatazama twiga kutoka juu ya gari, lakini watoto wao hawajawaona. Tulipouliza katika kamati ni wanachama wangapi wamewahi kuingia mahali pote pawili pamoja na familia, mikono miwili ilinyoshwa. Tumezungumza na mwenye basi. Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao, tutaanza makumbusho asubuhi, halafu mbugani. Kila mtu na chakula chake. Orodha iko mezani kwa Katibu. Aandike jina, idadi ya watoto, na zamu yake siku hiyo ili tujue nani wa kubadilishana na nani.

Sasa mweka hazina asome hesabu, na mwenye swali alitoe.